Baba wa Kuazima

Kambi ya Dinhata, Cooch Behar, India
Jumapili, 6 Januari 2019

Kaka yangu Khagen,

Nakugusa miguu kwa heshima. Leo naapa kukuambia kila kitu, hata yale ambayo mama atanikanya nisiyaandike, kwa sababu Mwalimu Sulekha anasema barua inayoficha ni nusu ya barua, ilhali stempu yake ni nzima. Nawe uniambie kila kitu.

Kwanza, hatujambo. Baba anabeba matofali kwenye barabara mpya. Mama anakohoa asubuhi, ila ukimwuliza anasema ni ukungu. Mabati ya chumba chetu hudondosha umande, kwa hiyo vitabu vyangu navilaza ndani ya sufuria kubwa, na mama hupika kwa ile ndogo.

Pili, simu. Tangu sikukuu ya mungu wa kike Kali hupokei. Ujumbe wako wa mwisho ulisema tusipige tena, na kwamba tukitaka kuandika tupitishie kwa Mzee Jogesh. Baba alisema una kazi nyingi. Mama akauliza, "Kazi gani inayoziba masikio?"

Tatu, Modon, yule mchuuzi wa sari anayevuka mpaka kila mwezi. Anasema alikuona stesheni ya Ishwardi, huko Bangladesh, umevaa sare ya buluu, kadi inaning'inia shingoni. Alikuita. Ukageuza uso. Baba alimwambia amekosea mtu. Modon akasema, "Upen, mimi nauza rangi. Sikosei."

Nne, insha yangu. Tuliambiwa tuandike juu ya kijiji tulichozaliwa, nami niliandika ukweli mtupu. Niliandika kwamba Shimultoli kilikuwa kipande cha India kilichozungukwa na Bangladesh pande zote, na ndiyo maana hakikuwa na shule, wala zahanati, wala polisi, na nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yetu bila kushuka. Niliandika kwamba mtoto akitaka kusoma, baba yake alivuka shamba moja tu mpaka Bangladesh, akamwombea baba mwingine wa kuandikwa shuleni. Ndivyo ulivyokuwa mtoto wa Mzee Jogesh Roy ulipotimiza miaka sita. Niliandika pia kwamba mwaka 2011 walipokuja kuhesabu watu wa Shimultoli, wewe ulikuwa kwa Mzee Jogesh ukijisomea mtihani, ukapitwa. Kwa hiyo mwaka 2015, nchi hizi mbili zilipobadilishana vipande vyao na kila aliyehesabiwa akaulizwa anataka nchi ipi, wewe hukuulizwa. Sisi tukachagua India, tukapanda basi kuja kambini. Hiyo sehemu ya basi sikuiandika, karatasi ilikuwa imejaa.

Nilipomaliza kusoma, Tapasi wa dawati la nyuma akauliza, "Kumbe kwenu baba anaazimwa kama jembe? Mkimaliza kulima mnamrudisha?" Darasa zima likacheka. Jibu zuri nilikuja kulipata nikiwa nimeshafika nyumbani.

Na hili la mwisho mama asijue nimekwambia. Kila mwezi kwenye foleni ya mgao, karani humwuliza ana watoto wangapi, naye husema wawili. Karani humwambia, "Mama Phuleswari, daftari langu lina mmoja." Mwezi uliopita akamjibu, "Basi daftari lako lina njaa."

Kuna nini, kaka? Kwa nini uligeuza uso?

Mdogo wako,
Minoti

---

Ishwardi
1 Februari 2019

Minoti,

Baraka zangu kwako. Barua yako Mzee Jogesh aliniletea ndani ya mfuko wa bisi za mchele, ameifukia chini kabisa kama mtu anayepitisha magendo. Ina makosa mawili tu. Mwandiko wako sasa ni mzuri kuliko wangu, nami ndiye niliyekufundisha herufi kwa kijiti mchangani. Najivunia.

Ni kweli nilimwona Modon na ni kweli niligeuza uso. Usimwambie mama.

Nimepata kazi kwenye mtambo wa nyuklia unaojengwa ukingoni mwa mto Padma. Nimechaguliwa kuwa fundi wa pampu, na mwezi wa nne kundi letu litapelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya miaka miwili. Unakumbuka tulivyokuwa tukilala chali uani tukihesabu ndege waliotua kwenye nyaya? Tangu siku zile nimetaka kufika kule nyaya zinakoanzia. Sasa nimefika mlangoni.

Mlango wenyewe ndio shida. Kinu hakijawashwa, lakini tayari wanachunguza watu. Wanauita upekuzi. Wanauliza ulisoma wapi, nani anakudai, unakunywa nini, unashinda na nani. Daktari wa akili aliniuliza, ukiudhiwa na mkubwa wako unafanya nini? Nikasema naenda kutembea. Aliandika maneno mengi kuliko niliyosema. Halafu wanatuma mtu kijijini kwako kuwauliza majirani.

Mkuu wa upekuzi ni mama mmoja, Bi Rehnuma, mpole wa sauti. Siku ya kwanza alituambia, "Ukuta tunao, mbwa tunao, kamera tunazo. Vyote hivyo vinatazama nje. Mimi nimeajiriwa kuwatazama ninyi. Mwizi wa nje anahitaji ngazi. Wa ndani anangoja tu zamu yake ifike." Wengine walinung'unika kwamba anatuona wezi. Mimi nilimwelewa. Pampu ninayofunzwa ikizimwa na mtu mmoja mwenye kadi halali na nia mbaya, au mwenye nia njema ila kuna mtu anamtisha, hakuna ukuta utakaosaidia.

Halafu akatugawia fomu. Jina la baba: nikaandika Jogesh Roy. Mama: Nirobala Roy. Ndugu wa kuzaliwa: hakuna. Jamaa wa karibu wanaoishi nje ya nchi: hakuna. Ndivyo vyeti vyangu vyote vinavyosema tangu darasa la kwanza. Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo nisaidie. Upekuzi utakwisha mwezi wa nne. Mpaka hapo msinipigie wala msiniandikie. Barua hii uichome. Mama mwambie niko kiwanda cha magunia ya juti, nina afya, nakula vizuri. Nikishaingia ndani nitatafuta njia ya kuja. Sijui ni njia gani, kwa sababu ukiomba viza ya kuwaona wazazi wanataka karatasi inayoonyesha kwamba ni wazazi. Lakini nitatafuta.

Kaka yako,
Khagen

---

Kambi ya Dinhata
24 Februari 2019

Kaka yangu Khagen,

Umeniambia nisiandike, nami nimeandika. Umeniambia nimdanganye mama, nami sikumdanganya. Unisamehe kwa la kwanza. La pili siombi msamaha.

Nilimsomea barua yako akiwa anachagua mchele. Nilipofika kwenye fomu akasema, "Soma tena pale."

"Pale wapi?"

"Pale tusipokuwepo."

Nikasoma tena. Akauliza kama Nirobala ameandikwa pia umri wake. Nikasema barua haisemi. Akaendelea kuchagua mchele, akatoa mawe na mengine ambayo hayakuwa mawe, mpaka nikamnyang'anya ungo.

Baba aliporudi nikamsomea naye. Nilidhani atakasirika. Alikaa akasugua saruji mikononi, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyempeleka. Nilimwambia, kuanzia leo mwalimu akikuuliza baba yako ni nani, usinitazame mimi. Mtoto wa miaka sita. Mwalimu akauliza, na hakunitazama. Nilijisifu njia nzima ya kurudi, nikimwambia kila niliyekutana naye jinsi mwanangu alivyo na akili." Halafu akasema, "Mwache awe Roy. Kamba ya mbuzi haifai kuwa ndefu mpaka ng'ambo ya mpaka."

Mama akamwuliza, "Nani mbuzi hapo?" Hawakusemeshana mpaka kesho yake.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii. Alhamisi Modon alikuja. Alimletea mama bangili za kioo, akaketi kana kwamba tulimwalika.

"Shemeji, chai yako haina mfano."

"Haina maziwa," mama akasema.

"Upen, kijana wako amepanda juu. Nimeulizauliza. Kule mtamboni yeye ni mwana wa Jogesh, sivyo? Wewe na shemeji hampo duniani."

Baba akaweka kikombe chini.

"Usiogope. Mdomo wangu ni kaburi. Ila kaburi nalo hutaka kufagiliwa."

Akaeleza. Ana mpwa wake anayetaka kibarua huko ndani ya uzio. Wakandarasi huingiza watu kwa orodha, akasema, na mtu wa ndani anaweza kumwonyesha mpwa wake lango ambalo majina hayasomwi sana. Khagen aseme tu ni lango gani na siku gani.

Mama akamwuliza, "Mpwa wako ana nini hata asipitie mlango wa wenzake?"

"Hana kitu, shemeji. Ni mvivu wa kujaza fomu."

"Mvivu wa fomu atabeba saruji?"

Modon akacheka sana. Alipoondoka alisema atarudi mwezi ujao kwa jibu, na kwamba hana haraka, yeye ni mtu wa familia. Mama alizifunga bangili kwenye karatasi yake, akamtupia kwenye baiskeli.

Kaka, nimewaza siku tatu, na unisahihishe nikikosea. Kama kwenye fomu ungeandika jina la baba na la mama, Modon angekuwa na nini cha kutuuzia? Angekuja, angekunywa chai isiyo na maziwa, angeondoka. Kile anachokishika umempa wewe, kwa wino mweusi. Leo anataka lango la mpwa wake. Kinu kikishawashwa, na wewe ukiwa kwenye pampu, atataka nini? Au siri hiyo atamwuzia nani?

Mwambie yule Bi Rehnuma. Mwambie kabla Modon hajarudi.

Najua wanaweza kukufukuza. Najua ni miaka kumi na minane ya kusoma kwa taa ya mafuta. Baba ameniambia nisikushauri, kwamba mimi ni mtoto wa darasa la nane na sijawahi kupoteza kitu. Nimempoteza kaka, lakini sikumjibu hivyo.

Nimeapa kusema kila kitu, basi na hili niseme. Mimi nina sababu yangu ya uchoyo. Nataka kuwa kwenye karatasi moja nawe. Hata kama ni karatasi ya kukufukuzia.

Mdogo wako,
Minoti

---

Kashiabari
17 Machi 2019

Ndugu yangu Upen,

Salamu nyingi kwako na kwa mke wako. Sijawahi kukuandikia. Zamani ulikuwa jirani, nilikuwa napiga kelele tu kuvuka shamba. Baadaye ilikuwa aibu, kwa sababu wewe ulipanda basi na mimi nikabaki na mwanao. Leo nakuandikia kukiri. Nimemharibia.

Tuliambiwa mapema kwamba mtu wa mtambo atakuja kuuliza habari za Khagen. Nikasema nitaandaa kijiji. Wiki nzima nilipita nyumba kwa nyumba: Khagen ni mwanangu, amezaliwa hapa Kashiabari, kwenye chumba kile. Kila mtu akasema, Mzee Jogesh, usitufundishe, tunajua. Unajua wanavyompenda. Aliwaandikia wote barua za serikali, aliwatengenezea wote pampu za visima.

Kosa langu ni kwamba niliwaambia waseme nini, sikuwaambia nani aseme.

Akaja mama mmoja mwenye miwani, Bi Rehnuma, na dereva na jalada. Alizunguka kijiji kutwa, anakaa, anakula kile anachopewa, anauliza. Kila mwanamke akataka kumsaidia Khagen zaidi ya jirani yake. Mjane wa mkamua mafuta akasema yeye ndiye aliyekata kitovu. Mama yake Montu naye akasema amekikata yeye. Mmoja alichemsha maji, mmoja alishika taa, mmoja alimwosha, mmoja alimpa asali. Kwa mmoja ilikuwa mafuriko, kwa mwingine visima vilikuwa vimekauka. Hata Kalipada, ambaye mwaka ule alikuwa jela, alisema alisimama nje ya mlango akasikia kilio cha kwanza.

Jioni yule mama alirudi kwangu, akafunga kalamu yake. Akasema, "Mzee, kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili. Nimehesabu wanawake kumi na mmoja ndani ya chumba hiki. Sijaona mtoto aliyezaliwa mbele ya watu wengi hivi."

Nilimpa tambuu atafune, akakataa kwa adabu.

Upen, kuna jambo jingine, na wewe pekee nitakuambia. Nirobala hajawahi kuzaa, unajua. Alipoulizwa alikaa pale kizingitini akasimulia uchungu wa siku mbili, jinsi mvua ilivyokuwa, jinsi alivyong'ata kitambaa, mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Gari lilipoondoka akalia. Nilidhani analia kwa sababu tumeshikwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amengoja miaka yote hiyo mtu amwulize.

Kesho yake nilipanda treni nikampelekea Khagen barua ya Minoti. Aliisoma amesimama jukwaani, mara mbili. Nikamweleza na habari ya wale wanawake kumi na mmoja. Alicheka, kisha akaketi chini juu ya gunia la mtu.

Akaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ananiita baba, usichukie, ni mazoea ya shule.

Nikamwambia, "Mimi ni baba wa vyeti. Kwa hili muulize mwenyewe."

"Mwenyewe yuko ng'ambo."

Akaondoka kuelekea mtamboni bila kula. Hiyo ni siku nne sasa. Simu yake imezimwa.

Wako,
Jogesh Roy

---

Ishwardi
9 Aprili 2019

Minoti,

Baraka zangu kwako, na hii msomee mama na baba kutoka mwanzo hadi mwisho, usiruke mstari.

Nilikwenda kwa Bi Rehnuma siku ileile Mzee Jogesh aliponiletea barua yako. Nilitoa kadi shingoni nikaiweka mezani kabla hajaniambia niketi. Jalada langu lilikuwa wazi mbele yake, na niliona orodha ya majina kumi na moja, moja chini ya jingine, kwa mwandiko mzuri.

Akaniuliza, "Umekuja kwa sababu umeshikwa, au kwa sababu umetishwa?"

Nikasema, "Vyote viwili. Lakini pia mdogo wangu amenisahihisha."

"Mdogo wako? Fomu inasema huna."

Basi nikamweleza. Nilianza na Shimultoli, nikaishia na Modon. Nilimpa barua yako. Nisamehe, ilikuwa yako na yangu, lakini niliona wewe umeeleza vizuri kuliko mimi. Alisoma polepole. Alipofika pale kwa mvivu wa kujaza fomu alitabasamu, halafu akanakili jina la Modon kwenye karatasi nyingine, akaiweka kwenye droo, na tangu siku hiyo hajalitaja tena mbele yangu. Alinikataza nami kulitaja, na baba asimjibu Modon lolote.

Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema. "Khagen, habari za baba wa kuazima nazijua. Nina wengine watatu kutoka vile vijiji. Kuwa na mama India si kosa. Nusu ya watu wa mji huu wana jamaa India. Mimi sitafuti mtu asiye na jamaa, mtu wa namna hiyo ananitisha zaidi. Natafuta kama kuna kitu ambacho mtu anaweza kukuvuta nacho. Nilikuuliza, ukaniambia hakuna. Ulidanganya juu ya kile ambacho ningekisamehe."

Niliinuka, nikaiacha kadi mezani.

Kamati ilikaa wiki mbili. Sikufukuzwa. Lakini nimeondolewa kwenye kundi la pampu, na kadi ya ndani sina. Kwa mwaka mmoja nitakuwa kituo cha maji cha mtoni, nje ya uzio wa pili, tunapoondoa magugu maji yanayoziba vyujio. Baada ya mwaka naweza kuomba upya, vyeti vikiwa vimesahihishwa mahakamani. Hakuna aliyeniahidi kwamba nitakubaliwa.

Wenzangu waliondoka Ijumaa kwenda mafunzoni. Nilimbebea Shafiqul sanduku mpaka kwenye basi. Aliniuliza mara tatu kwa nini siendi. Mara ya tatu nikamwambia nina wazazi. Alidhani wanaumwa.

Magugu nayo ni kazi. Yanakuja usiku na mchana, huwezi kuyamaliza. Kutoka pale tunapoyavuta naona mnara wa kupozea, karibu sana, kama jirani asiyekusalimia.

Sasa nahitaji msaada wako. Bi Rehnuma amenipa fomu mpya. Sehemu ya baba, mama na ndugu ina kurasa saba. Nilianza kwa furaha, Minoti, nikaandika Upen Barman, Phuleswari Barman, Minoti Barman, na kalamu ilikuwa nyepesi. Ukurasa wa pili nikakwama. Mama alizaliwa mwaka gani? Ndugu zake walio hai ni wangapi? Baba alikuwa akifanya kazi gani kabla ya mimi kuzaliwa? Wewe ulizaliwa tarehe ngapi? Najua ilikuwa msimu wa kuvuna juti, kwa sababu nilikuja na mikono inanuka na mama akanikataza kukubeba. Najua majina ya vyuma vyote vya pampu ile. Ya mama sijui hata mwaka.

Niliandika "sijui" mara tisa, na yale maswali mengine matano nimekunakilia nyuma ya karatasi hii. Nilimwambia Bi Rehnuma naona aibu. Akasema, "‘Sijui’ hainisumbui. Iliyonisumbua ni ‘hakuna’." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Mzee Jogesh na Mama Nirobala hawana mahali kwenye fomu. Aliniruhusu niwaandike pembeni.

Kaka yako,
Khagen

---

Kambi ya Dinhata
28 Aprili 2019

Kaka yangu Khagen,

Nakugusa miguu. Nimesoma barua yako yote kwa sauti, sikuruka mstari, hata ule wa sanduku la Shafiqul. Pale baba alitoka nje kidogo, akarudi.

Majibu ni haya. Nimeyaandika kwa penseli kwanza, mama akayakagua kwa masikio.

Mama alizaliwa mwaka wa vita, 1971. Bibi alimzalia ndani ya shamba la juti walipokuwa wamejificha, na ndiyo maana jina la nyumbani aliitwa Patani, kutokana na pat, ile juti yenyewe. Sikulijua jina hilo mpaka juzi. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia, akasema, "Nani aliniuliza?" Ndugu zake walio hai ni watatu. Wawili wako hukohuko Shimultoli, na mmoja, Mjomba Bipin, alioa Rangpur, wakagombana na mama juu ya ng'ombe. Mama anasema mwandike hata hivyo.

Baba kabla hujazaliwa alikuwa anapiga ngoma kwenye kundi la maigizo la kijiji. Usicheke. Mama anasema alimwona hapo mara ya kwanza, akiwa amejipaka unga usoni. Baba anasema uandike mkulima.

Mimi nilizaliwa tarehe 19 Agosti 2005. Lakini kadi yangu ya shule inasema tarehe mosi Januari, kwa sababu karani wa hapa aliwaandika watoto wote wa kambi tarehe mosi Januari. Tafadhali mwambie Bi Rehnuma zote mbili, na umwambie ni kwa nini. Sitaki tuanze tena na uongo mdogo.

Majibu ya yale mengine matano yako nyuma ya karatasi hii. Moja sikupata: jina la mama yake babu. Hakuna anayelikumbuka. Andika sijui.

Modon hakurudi Machi kama alivyosema, na hajaonekana mpaka leo. Wengine wanasema yuko Siliguri. Akija, baba hatamjibu kitu, kama ulivyoagizwa.

Mama amepeleka kikohozi chake kwa daktari bila kulazimishwa. Nilipomwuliza kulikoni akasema kesi ya vyeti inaweza kuchukua miaka miwili, na yeye ana mtu wa kumngoja.

Wakili wa kesi yako huko anataka hati ya kiapo kutoka kwa baba, kwamba wewe ni mwanawe. Karani wa mahakama ya hapa alimwambia baba anaweza kuweka dole gumba. Baba akakataa. Alikuja nyumbani akaniambia nimfundishe kuandika jina lake. Ni wiki ya pili sasa. Tunatumia nyuma ya daftari langu la jiografia. Herufi ya kwanza ilikuwa inaangukia kushoto, sasa inasimama. Jana aliandika jina zima mara arobaini, kisha akaniuliza jina lako linaandikwaje, nikamwandikia, akalinakili chini ya lake. Kesho tunakwenda mahakamani, amemwomba fundi ruhusa ya nusu siku.

Kuhusu magugu maji, najua hukuota kazi hiyo. Mimi ndiye niliyekushauri, na lile basi lililoondoka Ijumaa nalifikiria kila siku. Ukinilaumu uniandikie, nitavumilia. Lakini usiniandikie kwamba huna kinyongo kama unacho.

Mdogo wako,
Minoti

Nimeshatia sahihi, lakini nimefungua tena bahasha. Kuna jambo baba amenikataza kukuuliza, na ameketi karibu yangu tangu nianze kuandika, anajifanya anashona kandambili ambayo haijakatika. Nijibu kwa posta inayorudi, hata kama ni mstari mmoja. Siku ile ofisini, Bi Rehnuma alipokuuliza baba yako ni nani, uliliandika tu jina lake, au ulilitamka?